Ukurasa wa Pili wa Risala

Nimeandika risala nyingi kuliko barua. Mwalimu wa shule ya msingi akishajulikana kwamba ana mwandiko mzuri na sauti inayofika nyuma ya umati, basi amekwisha: kila mgeni rasmi akija, anaitwa yeye. Nimeandika risala za mahafali, za kufungua madarasa, za siku za chanjo, na za kuwaaga wakuu wa shule ambao hakuna aliyewapenda. Itifaki naijua kama ninavyoijua Baba Yetu. Kwa hiyo sitajitetea kwamba sikujua ninachofanya. Risala ninayotaka kuieleza hapa niliiandika nikiwa nimeshastaafu, kichwa kimetulia, kalamu mkononi, na ndiyo pekee ninayoionea aibu.

Kijiji chetu kiko huku chini, njia ya Endabash. Ukitoka Karatu mjini unaacha lami na mageti ya hoteli za watalii, unakuta mahindi, mbaazi na alizeti mpaka macho yachoke. Jina lake naliacha, na majina ya watu nayaacha pia, maana wengine wako hai na bado nakaa nao. Chini ya kijiji kuna bonde, na bondeni kuna chemchemi. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunaogopa kuivuka. Nilipoanza kazi ya ualimu ilikuwa kidimbwi cha tope, na akina mama walikuwa wanapiga foleni toka alfajiri kuchota kwa kikombe.

Sababu haikuwa siri. Tulikuwa tumelima mpaka mdomoni mwa maji. Magimbi, miwa, vitunguu, kila mtu na tuta lake, na ng'ombe wa kijiji kizima wakinywa na kukanyaga humo humo. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alisubiri mwenzake aanze kutoka.

Baba yangu ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji wakati ule. Mtu mrefu, mkavu, mbishi, akisema jambo limeisha. Akaleta sheria ndogo mbele ya mkutano mkuu: mtu asilime, asichunge wala asikate mti ndani ya mita sitini kutoka kwenye chemchemi. Watu waliinua mikono nusunusu, wakaipitisha. Walidhani ni kama sheria nyingine tulizozizoea, ambazo zinapigwa mhuri kisha zinalala kabatini. Walikuwa hawajamjua baba vizuri.

Na baba naye akakosea, hapo ndipo pagumu kwangu kupasema. Kijijini hapakuwa na tepu ndefu ya kupimia. Kwetu shamba hupimwa kwa hatua, na mwenye dhamana ndiye anayepima kwa miguu yake mwenyewe, asije akasemwa amemtuma mtu. Baba akaanzia kwenye maji, akapiga hatua sitini kila upande, na pale hatua ya mwisho ilipoangukia akapanda mkonge. Sasa jamani, baba alikuwa na miguu mirefu kuliko mtu yeyote pale kijijini! Kila mmoja aliona kwamba hatua zake zinazidi mita, na hakuna aliyethubutu kumwambia amwachie mtu mfupi apime. Tuta la mama yangu la magimbi lilikwenda lote. Shamba la mdogo wake baba wa tumbo moja, ambaye mimi namwita baba mdogo, lilibaki ukanda mwembamba usiotosha hata kugeuzia plau. Na ndani ya mikonge, kwenye kipande alichopoteza, kulikuwa na miwa iliyobakiza mwezi mmoja kukomaa.

"Kaka, nipe mwezi mmoja nivune," baba mdogo alimwomba.

"Nikikupa wewe mwezi, watasema sheria ni ya wale wasio na kaka mwenyekiti."

Mgambo alikuwepo, lakini jembe alilishika baba mwenyewe. Aliing'oa miwa ya mdogo wake kwa mkono wake, mstari hadi mstari. Angemwachia mtu mwingine kazi ile, labda mambo yangekuwa mengine, lakini yeye aliona kutuma mtu ni woga. Baba mdogo alikaa chini akamtazama mpaka muwa wa mwisho, akainuka, akaenda zake. Tangu siku ile hawakusemezana.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimepangiwa shule huko Kakesio, ndani ya Ngorongoro, mwisho kabisa, ambako barua ilikuwa ikifika imechoka kuliko aliyeibeba. Wasichana wangu wa darasa la tano walikuwa wakiondoka na punda kabla jua halijachomoza kwenda kutafuta maji, wakirudi darasani saa sita, wanasinzia juu ya daftari. Huko nilijifunza kitu kimoja. Wafugaji wa kule wanafunga sehemu ya malisho kwa ajili ya ndama, wanaiita olopololi, na wakubwa wanapitisha ng'ombe wao pembeni, wakiwa na njaa, bila kuingiza hata mmoja. Nilimuuliza mama mmoja jirani yangu ni nani aliyeweka amri ile. Alinicheka. Akasema ni kama kuuliza nani aliamuru mtoto anyonye kwanza. Nilimwonea wivu yule mama, maana kwetu kila mtu alijua aliyefunga bonde ni nani, na walimchukia kwa jina lake.

Habari za nyumbani zilinifikia vipande vipande kupitia kwa madereva wa malori ya mnada. Kwanza nikasikia uchaguzi umekaribia, na kuna kijana mmoja msemaji sana anayegombea nafasi ya juu ya uenyekiti wa kijiji. Vyeo vyake sitavitaja, amekuwa navyo vingi tangu wakati huo. Alizunguka kijiji na ahadi moja tu: mkinichagua, ile sheria ya mita sitini naifuta. Akasimama bondeni, akapiga mkonge mmoja teke mbele ya watu, wakashangilia. Alishinda kwa kishindo, na baba naye akaangushwa uenyekiti msimu huo huo.

Je, aliifuta? Aa wapi! Kufuta sheria ndogo kunataka mkutano, muhtasari, barua ya kwenda wilayani, kikao juu ya kikao. Kusema utaifuta kunataka mdomo tu. Alishapata alichotaka, akala kona, hatukumwona tena mpaka uchaguzi uliofuata, na huo alikuja na ahadi ya barabara. Sheria ikabaki palepale ilipo kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuiondoa. Waliomfuata baba ofisini waliogopa kuigusa, wakaogopa pia kuitetea. Mikonge ikaendelea kukua.

Baba ndiye aliyelipa. Kwetu mtu hapigwi, anaachwa tu. Hodi haipigwi tena mlangoni kwako. Siku za kupura mahindi huitwi, na wewe ukiita hakuna anayekuja. Pombe ikipikwa, kibuyu kinazunguka kinakuruka kama kiti kitupu. Njia ya kurudi ipo na kila mtu anaijua: unachinja kondoo, unawaita watu, unasema mbele yao, nilikosea. Ama watu wenyewe waseme mbele ya mkutano kwamba hukukosea. Baba alisema hilo la kwanza hataliweza, maana hakukosea. Na hilo la pili hapakuwa na mtu wa kulisema.

Halafu mama akafariki. Nilifika kutoka Kakesio siku ya pili, nimejaa vumbi hadi kwenye meno, nikakuta uani watu wa kuhesabika. Wanaume wa kijiji walikuwa ng'ambo ya barabara, mikono ndani ya makoti, wanatazama. Hawakuvuka. Kaburi la mama yangu lilichimbwa na waumini wa usharika wa kijiji cha pili, watu ambao hata jina lake waliliuliza kwa mchungaji. Baba akashika sururu akawasaidia, na kwetu mfiwa hashiki sururu. Niliona baba mdogo amesimama kule ng'ambo, kavua kofia, machozi yanamtoka, na miguu haiondoki. Nilimchukia siku ile. Haki ya Mungu, nilimchukia.

Tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini baba aliniambia neno moja tu. "Mimi nani atanichimbia?"

Toka siku ile nikajua anachokitaka baba yangu hapa duniani. Hakuwa anataka uenyekiti, wala sifa, wala hata kuyaona yale maji. Alitaka siku akifa achimbiwe na watu wake.

Miaka ikaenda, nikahamishiwa shule ya nyumbani, nikakaa na baba, naye akawa ananiita Mama, kama wazee wanavyowaita binti zao. Na bondeni mambo yakaanza kubadilika, polepole mno, hata huwezi kusema ilikuwa lini. Kwanza majani yalibaki mabichi kiangazi kizima ndani ya mikonge. Halafu mikuyu ikachipua yenyewe. Kisha mwaka mmoja wa ukame mkali, ng'ombe wanakufa mpaka Endamarariek, maji yetu hayakukauka. Mwaka uliofuata yalikuwa yanatiririka. Mimi niligundua darasani, maana watoto waliacha kuchelewa.

Ungewauliza watu, wangekuambia ni mvua. Wengine walisema ni maombi. Hakuna aliyetaja mikonge, ingawa walipita katikati yake kila siku na ndoo zao. Si kwamba walikuwa wabaya. Mtu akishamtenga mwenzake miaka yote ile, inakuwa vigumu kukubali kwamba anakunywa kwa sababu yake. Baba naye alinyamaza. Jumamosi jioni alikuwa akienda bondeni peke yake, anakaa, anarudi.

Maji yalipokuwa mengi, wataalamu wakaja. Wakapima, wakajenga tangi, wakalaza mabomba na kuweka vituo vya kuchotea kila kitongoji. Mmoja wao alikuwa na tepu, akapima kutoka kwenye maji hadi kwenye mikonge, akamwambia baba, "Mzee, aliyeweka mpaka huu amezidisha, lakini afadhali alizidisha." Baba alirudi nyumbani. Wakati wa chai akaniambia, "Hatua zangu zilizidi kweli."

"Basi kamwambie baba mdogo."

"Hasemi na mimi."

"Si uanze wewe, baba?"

Alikunywa chai yake hadi ikaisha, akaomba nyingine. Ubishi ule hakuzeeka nao, ulibaki kijana.

Ndipo ikapangwa siku ya uzinduzi. Na mgeni rasmi alikuwa nani? Yule yule wa kupiga mkonge teke, sasa ana kitambi na msafara wa magari. Mtendaji wa kijiji akaja kwangu na shikamoo mbili mbili. Ni mwanafunzi wangu wa zamani, mtu mwema, mwoga kidogo. Akaniomba niandike risala ya wananchi na niisome mwenyewe. Nilifurahi, sifichi. Niliona hapa ndipo. Mkutano mzima utakuwepo, kipaza sauti kitakuwepo, na neno likishasemwa mbele ya watu wote na mgeni rasmi akalipokea, nani atalirudisha?

Niliiandika kwa siku tatu. Ukurasa wa kwanza salamu na historia ya kijiji. Ukurasa wa pili, juu kabisa, niliweka sentensi hii: "Mheshimiwa mgeni rasmi, maji haya yamerudi kwa sababu ya sheria ndogo ya mita sitini, iliyosimamiwa na mwenyekiti wa wakati ule, ambaye yuko nasi hapa leo, alifanya haki, na sisi wanakijiji tulichelewa kumwelewa."

Nikamsomea baba. Masikio yake yalikuwa yamepungua sana, ikabidi nipige kelele. Akaniomba nirudie. Kisha akauliza, "Iko wapi hiyo?"

"Ukurasa wa pili, baba. Nikifungua tu karatasi, inakuja."

"Ukifungua karatasi," alisema, akitikisa kichwa. "Hata nisiposikia nitaona."

Kesho yake alitaka koti lake lifuliwe. Alinyoa ndevu mwenyewe kwa wembe, akajikata mahali pawili.

Siku mbili kabla ya uzinduzi mtendaji alirudi na risala yangu mkononi. Sentensi ile ilikuwa imepigwa mstari mwekundu.

"Mwalimu, hapa tumekwama," alisema, haniangalii usoni. "Wasaidizi wa Mheshimiwa wameiomba waipitie kwanza. Wanasema risala haiwezi kumsifu mtu mwingine mbele ya mgeni. Wameniletea maneno ya kuweka pale."

Nikayasoma. Yalisema tunamshukuru Mheshimiwa binafsi kwa maono yake ya kukilinda chanzo hiki tangu mwanzo.

"Ebo! Maono gani? Huyu si ndiye aliyetaka kuifuta?"

"Najua, mwalimu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo hapa hapa, nilimwona akipiga ule mkonge. Lakini tunaomba bomba la zahanati. Akina mama wanakuja kujifungua na ndoo kichwani. Tukimkera siku yake, bomba tusahau."

Nilibishana, lakini si sana, na hilo ndilo linaloniuma. Nilibishana kiasi cha kuweza kujiambia kwamba nilibishana. Nikawafikiria wale akina mama na ndoo zao, na ni kweli niliwafikiria, lakini nilifikiria pia turubai, spika, umati, na sauti yangu mimi. Sikutaka risala isomwe na mtu mwingine. Nikachukua kalamu nikaandika upya ukurasa wa pili kwa mwandiko wangu ule mzuri.

Baba nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikasema nitamwambia asubuhi ya siku yenyewe. Asubuhi nikamkuta ameshavaa, amekaa kwenye kiti mlangoni tangu saa kumi na mbili, kofia magotini. Nani angemwambia?

Uwanjani kulikuwa na turubai mbili, kwaya, ngonjera za watoto, na spika zinazopiga mluzi kila mtu akikohoa. Nilimtafutia baba kiti pembeni ya turubai. Watu waliacha viti viwili vitupu kila upande wake, kama kawaida. Baba mdogo alikuwa mstari wa nyuma na wanawe, mikono kaifumbata kifuani.

Nikaitwa. Nikasoma ukurasa wa kwanza vizuri, najua nilisoma vizuri, maana watu walinyamaza. Nikafungua karatasi. Kwa pembe ya jicho nikamwona baba anajinyoosha kwenye kiti, kanikazia macho. Nikasoma: tunakushukuru wewe binafsi, Mheshimiwa, kwa maono yako. Mshereheshaji akarukia kipaza sauti cha pili, "Makofi ya kilo kwa Mheshimiwa!" Uwanja mzima ukalipuka.

Na baba akasimama.

Alisimama taratibu, kwa fimbo, akanyooka mpaka urefu wake wote wa zamani, akavua kofia. Aligeukia watu upande wa kulia, akainamisha kichwa, akageukia upande wa kushoto, akainamisha tena. Midomo ilikuwa inasema asante, asante. Watu waliokuwa karibu walitazamana.

"Mnaona wenyewe!" mshereheshaji akapiga kelele. "Mzee wetu ameshindwa kukaa! Amesimama kumshukuru Mheshimiwa!"

Mheshimiwa alikuwa mwepesi, huwezi kumnyima hilo. Alishuka jukwaani, akamwendea, akamshika mikono yote miwili, simu zikainuliwa kila pembe. Baba alimtazama mtu yule usoni kwa shukrani ambayo sijawahi kuiona kwake, hata kanisani. Alidhani serikali imemrudisha nyumbani.

Kipaza sauti nilikuwa nacho mimi. Ningesema neno moja. Hata mtendaji asingeniwahi, hata spika zisingezimika kwa haraka hiyo. Nilisubiri makofi yaishe, nikalainisha koo, nikaendelea: "Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo makubwa, zipo changamoto chache."

Alipopanda kuhutubia, Mheshimiwa alisema kuna watu walimfuata wakimtaka aifute ile sheria, na yeye akasema hapana, lazima tufikirie vizazi vijavyo. Alisema hayo mbele ya watu wale wale aliowaahidi kuifuta, mahali pale pale, na wakampigia makofi. Sijui ni kusahau au ni adabu tu. Akaahidi bomba la zahanati. Ninapoandika haya akina mama bado wanakuja na ndoo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Picha ilikuwa imeshafika kwenye kila kundi la WhatsApp, hadi binti yangu aliyeko Arusha alinitumia: Mheshimiwa na baba wameshikana mikono, na chini yake maneno kwamba wazee wamshukuru kiongozi wao kwa maji. Tulikuwa tumetoka ibadani, naosha mboga uani, nikaona mtu anaingia getini. Ni baba mdogo. Hakuwa amekanyaga uani kwetu tangu siku ya miwa.

Nilisahau hata shikamoo. Yeye alikuwa amevimba kwa hasira. Akanisemesha kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini.

"Baba yako amechanganyikiwa? Anasimama kwa ajili ya yule mtu? Yule? Kwa kazi aliyoifanya yeye kwa mikono yake, akanipa hasara mimi, akamzika mkewe na wageni, halafu anamvulia kofia yule?"

Kumbe alijua. Miaka yote ile alijua maji yalitoka wapi. Nikaanza kulia na mboga mkononi, mtu mzima mimi, nikamweleza yote: sentensi, mstari mwekundu, ukurasa wa pili, na kwamba baba alidhani makofi ni yake. Sikujipamba. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunifariji, na hakunilaumu. Aliuliza tu, "Yuko ndani?"

Baba alikuwa kitandani, jana ilikuwa imemchosha. Alipomtambua aliyesimama mlangoni alijaribu kuinuka. Baba mdogo akamrudisha taratibu kwa kiganja, akavuta kigoda, akakaa.

"Ulikuwepo jana?" baba akauliza.

"Nilikuwepo, kaka."

"Ulisikia walivyonitaja? Mimi masikio hayana kazi tena." Akanigeukia. "Mama, lete ile karatasi. Msomee mdogo wangu pale ulipofungua."

Niliileta. Mikono ilikuwa bado na maji ya mboga. Nikafungua ukurasa wa pili, nikaangalia yale maneno ya maono ya Mheshimiwa kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikasoma kwa sauti kubwa kitu ambacho hakikuwemo: kwamba maji yamerudi kwa sababu ya sheria ya mita sitini, kwamba mwenyekiti wa wakati ule yuko nasi, alifanya haki, na sisi tulichelewa kumwelewa. Nilikijua kwa moyo. Baba alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

"Ndivyo ilivyosomwa?" alimuuliza.

Baba mdogo ni mzee wa kanisa. Sijawahi kumsikia akisema uongo, hata wa kumridhisha mgonjwa. Aliinama karibu na sikio la kaka yake ili asikie vizuri.

"Ndivyo ilivyosomwa. Nilisikia mwenyewe."

"Na walipiga makofi."

"Walipiga. Na mimi nilipiga."

Baba alifumba macho. Tulidhani amelala. Kisha akasema, macho bado amefumba, "Kwa hiyo utakuja?"

Hakusema aje wapi. Hakuna aliyeuliza.

"Nitakuja," alisema baba mdogo. "Na wanangu wote."

Alikuja, katika baridi ya mwezi wa saba, asubuhi na mapema, sururu begani. Nyuma yake walikuwa wanawe wanne, na nyuma ya wanawe, mmoja mmoja, wakivuka barabara, wanaume wa kijiji.